Kutembea Bure

Ukitaka kumuudhi Gaster Gidudu, huna haja ya kumtukana. Muulize tu kwa upole, "Mzee, unakwenda wapi?" Utaona mishipa ya shingo inavyomsimama. Swali hilo aliulizwa na askari wa serikali nne na makarani wa ofisi tatu, na kila mmoja alitaka jibu lake. Majirani zake chini ya mlima Wanale walilijua hilo, kwa hiyo walipokutana naye asubuhi walimwamkia, wakampisha, wakaenda zao.

Hakuzaliwa na hasira hizo. Mwaka 1967 alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na saba, mnyapara wa vibarua ishirini waliokata njia ya kupanda Wanale, mlima ule wenye kuta za mawe ulioinamia mji wa Mbale. Ilikuwa kazi ya ruzuku ya serikali. Na serikali, Mungu aisamehe, haikutoa ruzuku hiyo kwa ajili ya kahawa, wala kisima, wala zahanati. Iliitoa ili watu wapate mahali pa kujifurahisha kwa miguu. Gaster hakuelewa mtu anajifurahishaje kwa kupanda mlima, lakini kazi ilimwingia moyoni. Alipanga vidaraja vya mawe vya kukanyagia kwa mikono yake. Alichagua mwenyewe vituo kumi na kimoja vya kupumzikia. Na pale kwenye ukuta wa mwamba, ambapo hata mbuzi husita, walisimamisha ngazi ya chuma yenye vidato thelathini na viwili.

Basi Jumamosi walikuja walimu wa shule ya Nkoma, makarani, matabibu, na Wahindi wa madukani na wake zao, wamevaa kofia, wamebeba chupa za chai. Wanawake wa mlimani, mikungu ya ndizi kichwani, walisimama kando kuwapisha.

"Hawa wanakwenda wapi?" waliulizana.

"Hawaendi popote."

"Wanafuata nini huko juu?"

"Hawafuati kitu. Wanatembea bure."

Wakapewa jina la Wabure, na njia ikaitwa Njia ya Wabure. Wenye mizigo nao waliitumia, ingawa haikukatwa kwa ajili yao, na Gaster alijifanya hawaoni. Mmoja wao alikuwa dada yake Santa, aliyemzidi miaka sita na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Santa aliolewa huko juu na akafiwa na mume huko huko juu. Kila Ijumaa alishuka ngazi na kapu la malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi ambayo watu wa Mbale wakiyakosa wiki moja hununa. Aliuza sokoni, akalala kwa Gaster, akamgombeza mkewe kuhusu chumvi ya mboga, na kesho yake akapanda kurudi katikati ya Wabure na kofia zao.

Halafu ikaja miaka ya askari. Nani hajui? Ukikutana na askari njiani, neno la kwanza lilikuwa, "Wewe nakwenda wapi?" Na ole wako usiwe na pa kwenda. Mwalimu mmoja wa Nkoma alijibu ukweli, kwamba ananyoosha miguu tu, afande. Alifyeka majani ya kambi siku mbili, akarudi bila viatu. Kuanzia hapo hakuna aliyenyoosha miguu. Watu wa Wanale walijifunza kutotoka nyumbani mikono mitupu. Ukibeba jembe, unakwenda shamba. Ukibeba jerikeni, hata kama limetoboka, unakwenda kuchota maji. Mtu alikwenda kumsalimia jirani akiwa na panga begani, na jirani hakushangaa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekaa kibarazani na kamba ya kufungia ng'ombe mkononi na hakuwa na ng'ombe.

Mwaka 1979 lori la wanajeshi lilizama matopeni chini ya mlima. Wakapanda, wakaing'oa ngazi ya chuma, wakailaza chini ya magurudumu. Mpaka leo watu wanabishana kama walikuwa wale waliokuwa wakikimbia au wale waliokuwa wakiwafukuza. Gaster hajali. Lori lilitoka, ngazi ikabaki imepinda kama uma uliokanyagwa, na hata chuma hicho kilichopinda kikaibwa kabla ya Jumapili.

Watu wakapanda kwa mizizi. Kuna mti mkubwa uliong'ang'ania mwamba pale juu, mizizi yake inaning'inia, nayo ikawa ngazi. Santa naye alishuka kwa mizizi na kapu lake mgongoni, huku akilaani. Mpaka mwaka 1982, Ijumaa moja, askari walipozunguka soko la Mbale wakapaza sauti kwa yale maneno mawili ambayo mtu wa miaka ile hakuhitaji kuelezwa: "Panda gari!" Kila aliyekuwa sokoni alipakiwa kwenye malori kama magunia, akapelekwa kukaguliwa, na wengine walirudi na wengine hawakurudi. Santa alipakiwa. Siku tatu Gaster alizunguka nje ya kambi kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, akiulizwa anakwenda wapi.

Jumatatu Santa akatokea, bila kapu. Alikunywa maji kwa Gaster, akakataa chakula, akakataa maswali, akapanda mizizi peke yake. Alipofika juu aligeuka akasema kwa sauti ili mdogo wake asikie, "Sishuki tena mpaka ngazi irudi!"

Gaster alilichukua neno hilo kama lilivyo. Mama wa miaka hamsini na minane, magoti yanaumwa, nani atamlaumu akikataa mizizi? Basi kila Jumapili yeye ndiye aliyepanda, na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Walikula pamoja, wakagombana kidogo, akashuka. Lakini miaka haikumsubiri. Magoti yake nayo yakaanza kulalamika, kwanza wakati wa kushuka, halafu hata wakati wa kupanda. Barabara ya kuzunguka mlima ilikuwa imekatwa na maporomoko, hakuna gari lililopita. Gaster alipiga hesabu ya magoti yake akaona amebakiwa na miaka michache. Siku yatakapokataa, ndugu wawili watakaa wakitazamana moshi wa jikoni, huyu juu, huyu chini, mpaka moshi mmoja usionekane tena. Jambo hilo lilimnyima usingizi, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kulia, lilimtia hasira.

Mwaka 1989, vita vya upande wa magharibi vimekwisha na vya upande wa Teso havijaisha, redio ikatangaza kwamba serikali mpya imefungua mfuko wa ruzuku wa kujenga na kutunza njia za matembezi, na kwamba ofisi ya mashariki iko Jinja. Gaster aliruka kitini. Alimkimbilia Asadu, mfanyabiashara wa vitunguu, Mwislamu mwenye Kiswahili kilichonyooka, Kiingereza cha kutosha na lori la kwenda Jinja mara mbili kwa wiki.

"Asadu, nipeleke."

"Mzee Gaster, mbele pamejaa. Utakaa juu ya magunia."

Alikaa juu ya magunia. Alifika Jinja ananuka vitunguu, akapata mlango umefungwa na karatasi inayosema ofisi imehamia mtaa wa Nalufenya. Alikwenda Nalufenya kwa miguu, akauliza madukani, akaipata nyuma ya duka la kushona. Karani akamwambia fomu zimekwisha, arudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata fomu zilikuwepo, lakini mwenye ufunguo wa kabati alikuwa matangani. Mara ya tatu akapewa fomu.

Aliijaza na Asadu, kwa ukweli wote. Njia inatumiwa na nani? Wanawake wenye ndizi. Watoto wa shule. Wagonjwa wanaoteremshwa kwenye machela. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano: njia ya mizigo si njia ya burudani, ombi lipelekwe ofisi ya barabara. Ofisi ya barabara ilituma mtu mmoja, akaitazama njia akiwa chini, akacheka. Hii si barabara, alisema, gari haliwezi kupita hapa. Peleka kwa watu wa burudani.

"Wananipiga danadana!" Gaster alimwambia Asadu, akiipiga ile barua kwa kiganja. "Mimi ni mpira? Niambie, mimi ni mpira?"

Asadu alivaa miwani akaisoma fomu upya, polepole. "Mzee, kosa liko hapa. Wanauliza burudani. Maana yake mtu atembee bila mzigo, bila shughuli, kwa kupenda tu. Hapa wanataka idadi. Kwa wiki, ni watu wangapi wanaotembea bure?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Asadu, tangu mwalimu yule afyeke majani ya kambi, umemwona nani katika Mbale hii akitembea bure?"

Asadu alifikiri. Kisha akaandika: arobaini. "Kazi yako sasa ni kuwatafuta," alisema.

Ulipita mwaka mzima na zaidi. Gaster alikwenda Nalufenya mara nne nyingine, akapigwa na mvua mara mbili juu ya magunia, na mara moja karani alimwuliza, bila hata kuinua macho, "Mzee, unakwenda wapi?" Nusura amrukie. Hatimaye barua ikaja, mwaka 1991. Mkaguzi angefika Alhamisi. Asipowaona kwa macho yake watu wanaotembea kwa burudani, ruzuku ingepelekwa kwenye njia ya kando ya mto, huko huko Jinja.

Gaster alipita nyumba kwa nyumba. Aliomba, alibembeleza, alitisha, na hatimaye akapata watu arobaini. Akawafanyisha mazoezi Jumatano, na hiyo ndiyo siku aliyoapa kwamba kazi ya vibarua ilikuwa peponi.

"Polepole!" alipiga kelele. "Hamchelewi popote! Simama. Tazama ndege."

"Ndege gani?"

"Yeyote! Sasa geuka, tazama mji."

"Tutazame nini mjini?"

"Chochote, jamani! Tazama mabati! Na kesho mje mikono mitupu. Mmesikia? Mikono mitupu."

Walisema wamesikia. Alhamisi asubuhi wakaja, wote arobaini, na majembe, na mapanga, na majerikeni, na mzee mmoja na gurudumu la baiskeli. Gaster alishika kichwa.

"Topista," alimwambia jirani yake, mama mwenye akili timamu siku nyingine zote, "hilo jembe la nini?"

"Nikiulizwa?"

"Nani atakuuliza?"

"Sijui. Lakini nikiulizwa?"

Alitaka kulia. Badala yake aliwanyang'anya kimoja kimoja, huku wakishikilia kama watoto, akavirundika vyote chini ya mgomba, rundo lililofika kiunoni. Watu walibaki wamesimama hawajui waiweke wapi mikono yao. Wengine waliikunja, wengine waliificha nyuma. Topista aliokota jiwe dogo akalishika, na Gaster akamwacha, kwa sababu kila mtu ana mwisho wake.

Mkaguzi akafika. Alikuwa mama wa makamo, Jovia Nangobi, Msoga wa Jinja, mnene kidogo, mwenye faili na viatu vya kutembelea mjini. Gari la ofisi lilikuwa limekufa, kwa hiyo aliazima lori, na lori lenyewe lilikuwa la kijani lenye turubai. Watu walipoliona walisogeleana. Gaster alisema kwa meno, "Tulieni." Dereva alikuwa Bogere, mtu mwema, askari wa zamani aliyeacha jeshi, ila sauti ya jeshi haikumwacha yeye.

Jovia aliwasalimu, akasifu hewa ya mlimani, akapanda na Gaster mpaka kituo cha kwanza cha kupumzikia, akaandika andika, wakashuka. Mambo yalikwenda vizuri mno. Walipofika chini alisema kwamba kabla hajaona matembezi yenyewe, angependa kuwapiga picha watu wote pamoja pale njia panda, kwenye kibao cha njia, halafu awarudishe. Kulikuwa na soda. Si mbali, lakini jua kali, basi waende na gari. Akamwambia dereva awaambie.

Na Bogere, kwa moyo safi kabisa, akafungua mlango wa nyuma wa lori, akasimama wima, akajaza kifua.

"Haya! Wote! Panda gari!"

Mwanamke mmoja akapiga yowe, "Panda gali! Panda gali!" na watu arobaini wakatoka mbio mguu niponye. Kwenda wapi? Kuna njia moja tu ya kukimbilia, nayo inapanda. Walikwenda kwenye vidaraja vya mawe kama maji yanayorudi juu. Wazee waliokuwa wakisema magoti, magoti, waliruka vidaraja viwili viwili. Mzee wa gurudumu alimpita Topista. Vijana walishika mizizi na kupotea juu ya mwamba. Hakuna aliyegeuka kuchukua jembe lake.

Na Gaster? Ningependa kusema alisimama. Aliyepanga siku hii miaka miwili, aliyewafundisha watu kutazama ndege, naye alikimbia. Alijikuta kwenye kituo cha tatu cha kupumzikia, amekumbatia jiwe alilolipanga mwenyewe mwaka 1967, anahema, na akili ikamrudi. Chini aliliona lori la kijani, mlango wazi, na Bogere amesimama kando yake, kofia mkononi, hajui atubu kwa nani. Basi imekwisha, Gaster alijiambia. Jinja wamepata njia yao. Alishuka akiwa amechoka na hasira zake zote, hata nguvu ya kumlaani Bogere hakuwa nayo.

Jovia Nangobi alikuwa amekaa juu ya rundo la majembe, anaandika.

"Mzee," alisema, "hawa watu nakimbia kwenda wapi?"

Lile swali. Tena leo, tena kutoka kwake. Yakamfika Gaster kooni.

"Hawaendi popote, madamu!" alifoka. "Popote! Hakuna kitu huko juu! Wanakimbia tu! Bure! Andika bure, funga faili, peleka ngazi yangu Jinja!"

Jovia alimtazama mpaka kelele zikaisha. Kisha akayatazama majembe aliyoyakalia, na majerikeni, moja baada ya jingine, kama mtu anayesoma.

"Nalikuwa na kaka," alisema. "Alipandishwa gari pale Jinja. Hakurudi." Akafunga kalamu. "Na mimi leo nalikimbia, mzee. Mpaka ule mgomba pale. Bogere ni dereva yangu miaka miwili, na mimi nalikimbia."

Gaster aliketi kwenye jerikeni.

"Nasomea wewe ripoti," Jovia alisema, akasoma, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili kadiri alivyoweza. Watu arobaini na mmoja wamepanda njia kwa mbio, bila mzigo, bila shughuli, wazee kwa vijana. Mkaguzi amewaona kwa macho yake. "Iko uongo hapo?"

"Hapana, madamu. Hakuna."

"Basi weka sahihi."

Ruzuku ilichukua miezi minane mingine, na Gaster aliitumia yote kulalamika. Lakini ilikuja. Fundi wa kuchomelea aliunda ngazi mpya, vidato thelathini na viwili, Gaster alivihesabu mara tatu na kumrudisha fundi kwa ajili ya kimoja kilichocheza. Vidaraja vya mawe vikapangwa upya. Gaster mwenyewe akawekwa mlinzi wa njia, akapewa kofia na daftari kubwa la mistari: jina, mzigo, shughuli. Sharti la ofisi lilikuwa kwamba kwenye mzigo iandikwe hakuna, na kwenye shughuli iandikwe matembezi. Wanawake wakaja na ndizi zao, wakazitua chini, wakaandika hakuna, wakazitwika tena. Walipoandika hawakuwa na mzigo, nani atasema wamedanganya? Gaster alitazama mawinguni. Ila kilichomkera zaidi ni kwamba kazi yenyewe ilimtaka amwulize kila apitaye anakwenda wapi. Siku ya kwanza alijisikia akiuliza, akakoma hapo hapo, akawa anasukuma daftari tu bila kusema.

Jambo moja lilikuwa halijafika mahali pake. Ngazi imesimama wiki moja, Santa hakushuka. Wiki mbili. Mwezi. Gaster alimwekea kitanda, akamwambia mkewe atie chumvi ya kutosha mapema, kuepusha maneno. Kila Ijumaa alisimama chini ya ngazi na kofia yake ya serikali akitazama juu mpaka shingo ikamuuma. Mwezi wa pili ulipokwisha akapanda Jumapili na chumvi yake kama kawaida, safari hii amevimba kwa maneno ya kusema.

Santa alikuwa uani, anaanika malewa. Alikuwa na miaka sitini na minane, mkavu, macho makali.

"Yaya," Gaster alisema, kama alivyomwita dada yake tangu utotoni, hata kabla ya kukaa, "ngazi iko pale miezi miwili."

"Naiona. Umeifanya vizuri."

"Mbona hushuki?"

"Nani alikuambia nataka kushuka?"

Gaster alitua mfuko wa chumvi. "Wewe! Wewe ulisimama pale, mwaka 1982, ukasema hushuki mpaka ngazi irudi. Kwa mdomo wako huo!"

"Nilisema," Santa alikubali, akigeuza malewa. "Nilisema hivyo kwa sababu nilijua hairudi."

Kuku mmoja alipita katikati yao.

"Miaka mitatu," Gaster alisema, na sauti ikaanza kupanda, "miaka mitatu, yaya, nimelala juu ya vitunguu! Nimenyeshewa! Nimedharauliwa na mtoto wa karani! Nimewafundisha watu wazima kutazama ndege! Nilikimbia mbele ya mkaguzi wa serikali kama mwizi wa kuku! Kwa ajili ya magoti yako!"

"Magoti yangu hayana shida. Nani aliwahi kusikia nikilalamika magoti?" Santa alichuchumaa chini na kuinuka, akamwonyesha. "Si magoti, Gaster. Wewe unajua si magoti."

Alijua. Labda alijua tangu ile Jumatatu, dada yake alipokunywa maji na kukataa maswali. Ni rahisi zaidi kutafuta ngazi ya chuma kuliko kumwuliza mtu alifanywa nini kwa siku tatu. Gaster alikaa chini, hasira zote zikamtoka, na zilipotoka hakujua abaki na nini.

"Kule sokoni sirudi," Santa alisema. "Hata wakijenga ngazi ya dhahabu. Nimekaa vizuri hapa, usinionee huruma." Akautazama mguu wa Gaster, ule wa kulia, aliokuwa ameukunja kwa uangalifu. "Magoti yako yanaionaje ngazi?"

Gaster alisita. "Afadhali. Sana."

"Nilikuwa nakutazama unavyoshuka mizizi. Mwaka jana nilikuwa nafumba macho. Nikasema, huyu hataimaliza miaka miwili, ataacha kuja." Aliendelea kugeuza malewa. "Kwa hiyo usiniambie umeijenga bure."

Walikula. Chumvi ilikuwa nyingi, na Gaster hakusema. Alipoinuka kuondoka, Santa alimrudishia mfuko wa chumvi aliokuja nao, haujafunguliwa.

"Chukua. Kuna duka hapa juu sasa, tangu ngazi. Chumvi, sabuni, mafuta, vyote vipo. Usiniletee tena."

"Sasa Jumapili nije kufanya nini?"

"Uje," Santa alisema. "Uje bure."

Jumapili iliyofuata Gaster alifika chini ya njia asubuhi. Hakuwa na chumvi, wala sabuni, wala panga. Mikono ilimsumbua, aliiweka mfukoni, akaitoa, akaikunja nyuma. Topista alipita na mkungu wake, akamwona amesimama hivyo, akamwuliza bila kufikiri, "Mzee, unakwenda wapi?" kisha akashtuka, akasubiri mvua ya maneno. Haikuja. Gaster alikuwa amefungua daftari, anaandika jina lake mwenyewe. Kwenye mzigo akaandika hakuna. Kwenye shughuli akaanza kuandika matembezi, kama sharti lilivyo, akaifuta ile herufi ya kwanza, akaandika: bure. Kisha akavua kofia ya serikali, akaiweka juu ya daftari ili upepo usigeuze ukurasa, akapanda.